Mariamu Hakuvaa Nyekundu

Dada yangu mpendwa,

Huku sote wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo. Mimi bado nachora ule ukuta wa kanisani.

Wiki iliyopita mzee wa kanisa alisimama chini ya ngazi yangu akasema, "Mariamu Magdalene mvalishe nyekundu, nywele zimwagike, apige magoti akilia. Watu wajue alikuwa malaya."

Nikashuka, nikampa Biblia. "Mzee, nionyeshe palipoandikwa hivyo, nami nitachora."

Alifunua Injili zote nne. Akakuta pepo saba waliomtoka. Akakuta kaburi tupu, na huyo mama akitumwa kuwapa wanaume habari. Umalaya hakuuona.

"Lakini ndivyo tulivyofundishwa," akasema.

"Ndiyo, mzee. Hata mimi."

Nimemchora amesimama, kavaa kijani, anasema. Mchungaji aliutazama ukuta, akaagiza ubaki hivyo.

Dada, siku ile walipokutoa kwenye kwaya na kukuita jina hilohilo, malaya, mbele za watu, nilikuwa nimekaa ubavuni pako, nikanyamaza. Hakuna aliyedai ushahidi. Miaka tisa nakuandikia habari za mvua na za watoto, hilo nalikwepa.

Jumapili ijayo ukuta unazinduliwa, nami nimepewa nafasi ya kuzungumza. Nitasema mbele yao wote kwamba walikuonea, na kwamba mimi nilijua. Ukija nitafurahi. Usipokuja, nitasema vilevile.

Ni mimi mdogo wako, mchora kuta.