Waliomshika Mama Mikono

Kwapa,
17 Julai 1966

Kaka yangu mpenzi Edimu,

Pokea salamu kutoka kwetu nyumbani. Mimi ni mzima, na ninatumaini kwamba kikohozi chako kimekuacha na kazi ya reli inaendelea vizuri. Leo nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri, lakini nianze na habari za Mama.

Unajua alirudi mwezi wa tano kutoka kambi ya wakoma, vidonda vyote vimefunga baada ya yule mhubiri kumwombea. Mhubiri alimpeleka Tororo, akamsimamisha jukwaani, na watu wakapanga mstari kumshika mikono. Mtu wa gazeti alimpiga picha. Mwalimu wetu wa sayansi, Bwana Wesonga, alisema kilichomponya ni vidonge vya kambini, akaniita mbele ya darasa nithibitishe. Nilirudi kukaa kwenye dawati langu. Wamebishana miezi miwili, kanisani na shuleni, lakini kote wanakubaliana kwamba Mama amepona.

Hakuna aliyekula naye. Siku ya mavuno ya ulezi, watu walipozunguka chungu cha pombe na mirija yao ya kunywea pamoja, shangazi Alupo alimtengea Mama kibuyu kando ya ghala. Alisema mtu aliyeguswa na Mungu hafai kubanana na wenye dhambi. Watu walicheka sana. Mama naye alicheka.

Sasa sikia langu. Ijumaa iliyopita nilitoka shuleni na njaa, nikakuta Mama amenisongea ugali wa ulezi na mboga ya karanga. Nilimwambia nimeshiba, tumekula shuleni. Anajua vizuri kwamba shuleni hatupewi chakula. Kisha nikaenda kula kwa shangazi. Niliporudi, Mama alikuwa anafunga nguo zake. Hakunigombeza. Alisema tu, “Kule kambini nina watu wa kula nao.”

Jana nilipanda basi nikamfuata. Nilimkuta anakula na wanawake wanne, sahani moja. Nilipiga magoti nikamwomba turudi nyumbani. Aliniuliza kama nimekula. Akainuka, akanipakulia katika sahani yangu peke yangu, akarudi kukaa na wenzake. Nilikula chote, nikaosha sahani, nikapanda basi la jioni.

Msalimie wifi na mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Amulen