Ng'ombe wa Shangazi na Ruhusa ya Hakimu

Samsam, bado nimekasirika. Sasa hivi nimemaliza kusoma faili ya kesi ya shangazi Chepkurui, ile ya Nakuru mwaka wa 1956.

Alimpa jirani Kipketer ng'ombe amchungie, desturi yetu, bila karatasi. Kipketer akasema ni wake.

Shangazi akaomba ng'ombe aletwe kortini, amwite kwa jina, waone ataenda kwa nani. Hakimu akakataa.

Shangazi akataka kukata rufaa. Karani akamwambia, "Mama, amri kama hii huikatii rufaa bila ruhusa ya hakimu aliyeitoa."

Yaani umwombe fisi ruhusa ya kumshtaki fisi.

Akaenda. Hakimu: "Ruhusa sikupi. Kama hujaridhika, kata rufaa."

Shangazi akamtazama. "Basi Bwana Hakimu, nipe ruhusa ya hiyo."

Askari akamtoa nje. Kipketer akaendelea kukamua.