Klabu ya Ndolo na Mbuzi wa Ntheo

Mukuyuni,
Ijumaa, 12 Agosti 1938.

Mpwa wangu mpendwa Ndolo,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Je, kile kifua kilichokusumbua mwezi wa Juni kimepona? Unakula vizuri huko Kampala? Sisi tu wazima. Mama yako aliumwa na jino siku nne, sasa anatafuna. Mvua hakuna. Baadhi ya wanaume wa huku bado wako Nairobi kulalamikia ng'ombe wetu waliochukuliwa na serikali, hivyo watu walikuwa na hofu hata kabla ya habari yako.

Habari yako ni hii. Barua uliyomwandikia baba yako ilifika Jumamosi. Kwa fahari aliyokuwa nayo, hakungoja kuisoma nyumbani. Jumapili baada ya ibada alimpa mwinjilisti Musyoka, baba wa mchumba wako, aisome kwa sauti mbele ya watu. Ilisomeka vizuri mpaka hapa: "Nimeingia klabu ya wachezaji, tunakutana kila Jumamosi jioni."

Ndolo, hapa Mukuyuni klabu ni moja tu, ile ya pombe nyuma ya soko. Na mchezaji ni mtu wa ngoma. Bibi Mbinya akasema, "Yaani amepanda gari la moshi hadi Kampala kufuata klabu? Si angeniuliza mimi, ningemwonyesha ya hapa!" Walicheka wote isipokuwa baba yako na Musyoka.

"Mwanao amejiandikia mwenyewe, Ndeti," Musyoka alimwambia baba yako. "Mimi sikuongeza hata nukta." Akaikunja barua.

Jumanne alikuja na mbuzi watatu wa ntheo, walewale tuliompelekea Aprili kumchumbia Nzilani. Baba yako alijua kwamba akiwaingiza zizini, uchumba umekwisha. Akafunga lango. Musyoka naye akakataa kurudi nao. Mbuzi walishinda juani katikati ya wazee wawili wasiosemezana, mpaka nikawachukua mimi. Sasa wako kwangu, si wa huku wala si wa kule.

Nimemsihi Musyoka angoje, naye amekubali mpaka wazee wa kanisa watakapokutana, Jumapili tarehe 28. Barua huchukua siku tano au sita kufika huko, na zilezile kurudi. Kwa hiyo ukiipata hii unazo siku nne za kujibu, labda tano.

Neno klabu lenyewe halinitishi. Nimeshamweleza baba yako kwamba ni chama cha wanafunzi wanaoigiza na kuimba jukwaani, na kinachonywewa ni chai. Ameelewa. Musyoka pia ataelewa akiyaona hayo kwa mwandiko wako.

Kinachonikosesha usingizi ni maneno ya chini, ambayo hakuna aliyeyasikia kwa sababu Musyoka aliishia pale. Mimi nimeyasoma, kwa kuwa barua sasa iko kwangu. Umeandika kwamba wanachama wanajiandaa kwa kazi hiyohiyo: kuzunguka mijini na maonyesho, kuimba kwenye sahani za santuri, hata sinema. Hukusema kama wewe ni mmoja wa hao. Baba yako bado anawaambia watu kwamba ukimaliza masomo unarudi kufundisha.

Nzilani huja hapa kila asubuhi kuwanywesha mbuzi. Baba yake anajua, wala hamzuii. Jana nilimpa barua aisome mwenyewe. Aliisoma yote, akarudia ukurasa wa mwisho.

"Mjomba, hii si klabu ya pombe," alisema. "Ingekuwa afadhali. Mlevi hurudi nyumbani."

Jibu la hilo si langu, ni lako. Mwandikie yeye kwanza, kabla ya baba yako na kabla ya Musyoka. Mwambie utarudi au hutarudi. Usimweleze habari za chai na nyimbo, hajaziuliza. Ikiwa umeshaamua kuzunguka na maonyesho, liandike hilo waziwazi, nami nitamwambia baba yako afungue lango. Aibu hiyo tutaivumilia. Lakini tarehe 28 ikifika bila barua yako, wazee watakujibia, na sidhani utapenda jibu lao.

Mama yako Mutindi anakusalimu sana na kuuliza kama una blanketi la kutosha. Dada yako Muthoki anakusalimu pia. Nzilani nilimwuliza kama ana salamu; akasema anangoja zako.

Mungu akuangazie njia na akupe ujasiri wa kusema kweli.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Mwangangi