Karatasi ya Zita

Mbulu, Jumapili

Baba Zita,

Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Natumaini ng'ombe wanapata malisho huko Dirma. Hapa yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Jana nilikwenda kanisa kuu. Walikuwa wametangaza kwamba wageni wataimba misa ya wafu kwa Kilatini, kwa kinanda na fidla. Najua ulinikataza kumwombea mtoto wetu misa hiyo mpaka mwili wake upatikane kwenye tope la maporomoko ya Jorodom. Nimechoka kungoja. Niliandika "Marehemu Zita" kwenye karatasi, nikaiweka kwenye kikapu cha mlangoni kama tunavyoweka majina ya wafu kila Novemba. Walipoimba nilipiga magoti, nikasubiri jina lake lisomwe. Watu wakapiga makofi, wakaondoka.

Mlangoni dada mmoja alinirudishia karatasi yangu. "Pole mama, leo haikuwa misa. Lilikuwa tamasha tu."

Nimeitia humu kwenye bahasha. Lile neno la kwanza nililiandika kwa mkono wangu, na siwezi kulifuta. Lifute wewe, kama unaweza.

Ni mimi,
Mama Zita