Jante ya Ine

Mujukuu wangu Ilunga,

Pokea salamu za Kashikishi. Nkambo wako mwanamuke amepona, anatembea. Uliniuliza jante za kweli, vile vyuma vya magurudumu vya ile Landrova ya zamani ya baba yangu, yenye unatengeneza. Tatu nimekuwekea. Ya ine ndiyo kengele ya kanisa letu, inatundikwa karibu na ziwa.

Siku moja, nikingali kijana, zoruba ilitukuta mu bwato kati ya ziwa, mimi na ndugu yangu. Hatukujua tena ngambo iko wapi. Tukasikia jante inalia, tukafuata sauti. Mama ndiye alikuwa anaipiga. Tulipofika alitutazama tu, akaendelea kupiga, sababu watoto wa wengine walikuwa bado mu maji.

Basi ya ine utafute kwingine, mutoto wangu. Hii siwezi kuomba waishushe. Hata leo asubui batu wameenda mu ziwa.

Nkambo wako