Jina la Viatori katika Barua ya Papa

Roma, chini ya Kilima cha Selio,
Novemba, mwaka wa pili tangu Papa Gregori atutoke

Mpendwa mdogo wangu Viatori,

Amani ya Bwana ikufikie huko ng'ambo kwa Waangli, unakowahubiria. U hali gani? Kile kifua chako kimepona, au baridi ya huko imekizidisha? Sisi tu wazima, isipokuwa Mama. Macho yake yamezimika kabisa, na tangu mavuno hajaondoka kitandani.

Ngano imeadimika, tunakula dengu tu. Dada yetu Gaudiosa amejifungua mtoto wa kike, sauti kama tarumbeta.

Mimi bado nanakili barua za marehemu Papa kule Laterani, kwenye makao yake. Ni nyingi! Kwa maaskofu, kwa malkia, hata kwa wasimamizi wa mashamba ya Sisilia. Wewe uliondoka miaka tisa iliyopita, na kila ukurasa nakutafuta.

Mwezi uliopita nikaipata ile aliyowaandikia ninyi watawa mlipoogopa njiani mkataka kurudi. Nikamsomea Mama. Nilipofika penye neno “ndugu”, akanidaka mkono.

“Ndugu yupi? Kamtaja?”

Viatori, humo mna jina la kiongozi wenu tu. Nikasema, “Kamtaja, Mama. Ni Viatori.”

Basi! Sasa kila asubuhi lazima niisome. Majirani wakija anawatambia: “Papa kamtaja mwanangu! Huyu hapa kutwa kumnakilia, yeye katajwa wapi?” Gaudiosa hucheka mpaka akashika mbavu. Nami nacheka, lakini uongo huo nimekwenda kuuungama kanisani.

Padri ameniagiza nimwambie Mama kweli kabla hajafa. Jana nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikafungua kinywa. Akaniwahi: “Soma, baba, pale penye jina lake.” Nikasoma. Hata mimi nikilitamka hutua kidogo, maana ndiyo mara pekee unapokuwa nyumbani.

Mama, Gaudiosa na mumewe Paskasi wanakusalimu. Nisalimie watawa wenzako. Bwana akufunike kwa mkono wake, uamkapo na ulalapo.

Mtawa anayekuletea barua hii atarudi huku baada ya Pasaka. Tafadhali nijibu upesi kupitia kwake, hata mistari miwili, na jina lako uliandike mwenyewe, nimsomee Mama lililomo kweli.

Kaka yako asiyechoka kukutazamia,
Sekundino