Vifaranga Chini ya Sakafu Yako

Nyumbani, kando ya bwawa,
Jumapili, 9 Juni.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti halikusumbui tena kila ukipanda ngazi za hapo kazini. Ulisema daktari amekukataza kubeba matenga ya mashuka. Je, umemsikia, au unamwitikia ndiyo na kuyabeba akigeuka? Nakujua mimi. Miaka thelathini na moja ya kufua mashuka ya hospitali inatosha kwa goti lolote.

Sisi huku hatujambo. Mimi mgongo unaniuma, kwa sababu utakayoisoma hapa chini. Wifi yako ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi. Mvua hazikutunyima kitu, mboga zimestawi hadi tunawagawia majirani wasioomba.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Chumba chako hakiko tayari. Sakafu ilishamwagwa, ikakauka, ikang'aa, kisha nikaivunja kwa mikono yangu mwenyewe. Nimelisema mapema ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine.

Sijasahau ulivyoandika. Mwisho wa mwezi huu lazima uwajibu wakubwa wako: unastaafu, au unatia saini miaka miwili mingine. Na ukasema wazi kwamba hutarudi kuja kuwa mgeni kwenye nyumba ya mtu. Ukirudi, unarudi kwenye chumba chako chenye mlango wako, na kama hakipo unatia saini. Barua ile nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Basi nivumilie nikueleze, halafu uamue.

Chanzo cha yote ni bata. Si wa kufugwa, ni bata mwitu wa kahawia, aliyekuja na mumewe mwanzoni mwa mvua wakatua kwenye bwawa la baba bila hata hodi. Unayakumbuka yale masinki mabovu niliyorundika nyuma ya nyumba, ambayo wifi yako anayapigia kelele tangu tuoane? Bata akachagua moja lililofunikwa na majani, akanyonyoa manyoya ya kifuani mwake akalitandika, akataga mayai kumi na moja. Wifi yako akasema hatimaye mteja amepatikana. Mume naye, mkewe alipoanza kuatamia, alishika njia asionekane tena, na mimi nikasemwa siku mbili nzima kana kwamba ndimi niliyemshauri.

Karibu mwezi mzima tuliishi kwa kunyata. Mbwa alifungwa. Mimi, fundi bomba, nilikatazwa kugonga chuma upande ule wa nyumba. Bata akitoka kwenda kutafuta chakula aliyafunika mayai kwa manyoya, kama wewe ulivyokuwa ukiifunika sahani yangu nikichelewa kutoka shule. Mayai yote yakaanguliwa, sitii chumvi, yote kumi na moja. Kesho yake asubuhi akawaongoza watoto kwa mstari mmoja, wakapita chini ya kamba ya nguo, wakapita mbele ya mlango wa jikoni, hadi majini. Mleta barua alishuka kwenye baiskeli akasubiri msafara upite, na mvua ikawa inamnyeshea. Ndiyo maana barua yako ilinifikia imelowa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Unalikumbuka lile bomba nililolaza la kutolea maji bwawa likijaa? Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza ufundi. Ulisimama pale na ndoo yako ukaniambia, "Koki, weka wavu mdomoni mwa hilo bomba." Nikakujibu nitaweka kesho. Dada, ni miaka thelathini na mbili sasa, na kesho hiyo haijafika. Nimeweka wavu kwenye nyumba za watu zisizo na idadi. Kwangu sikuweka.

Na bomba lenyewe linapita chini ya chumba chako. Mwashi wetu, ambaye tunamwita Fundi Pole kwa mwendo wa kazi zake, hakulijua, na mimi nilikuwa nimelisahau. Kibaya zaidi, kifusi chote alikimwaga nyuma, juu ya tundu la kutokea maji.

Alhamisi ya wiki juzi mvua ilianza asubuhi haikupumzika. Bwawa likajaa. Mchana wifi yako alihesabu vifaranga, kama afanyavyo kila akitoka kumwaga maji ya vyombo, akapata wanane. Mama yao hakuwa majini. Alikuwa amesimama katikati ya sakafu yako mpya, anaita, anainamisha kichwa, anaita tena. Na chini ya zege, dada, wakamjibu.

Nilikimbia bwawani palepale kwenye mvua. Nikaziba mdomo wa bomba kwa gunia la mchanga ili maji yasizidi kuingia. Nikapitisha waya, ukakwama kwenye kona. Nikaenda nyuma kufukua kifusi, lakini kila nilichochota, matope yalishuka yakajaza. Sauti zikawa zinapungua. Nikachukua nyundo na tindo nikasimama juu ya sakafu, na mkono ukakataa. Nikamwambia wifi yako, "Hiki ni chumba cha dada. Nikivunja, hatakuja."

Sakafu ile yeye ndiye aliyeichagulia rangi, na tangu ikauke alikuwa akiipiga deki kila asubuhi kana kwamba umeshafika. Akaniambia, "Vunja. Si yeye aliyekuambia uweke wavu? Angekuwa hapa angekunyang'anya hiyo nyundo."

Nikapiga moyo konde, nikavunja. Nilipolifikia bomba nikalikata, wakatoka wawili, wamelowa na wamekasirika, wakamkimbilia mama yao bila hata ahsante. Wa tatu hatukumwahi. Nilimzika kando ya bwawa. Nililia, sikufichi, na wifi yako hakunicheka, jambo ambalo si la kawaida humu ndani.

Hali ya chumba ni hii. Bomba jipya nimelizungusha nje ya kuta, na lina wavu. Nimeuvuta kwa mikono miwili haung'oki. Kuta zipo, paa lipo, dirisha linatazama bwawani. Katikati ya sakafu kuna shimo la kumeza toroli. Fundi Pole amepata kazi kwingine na ameahidi kurudi baada ya wiki tatu, ambazo kwa hesabu zake ni tano.

Vifaranga kumi waliobaki wanakua haraka. Wameanza kuota manyoya ya mabawa, na wanapita mlangoni asubuhi kama wenye nyumba. Mwezi ujao wataruka. Ningependa uwaone kabla hawajaondoka.

Nilipofika hapa wifi yako alikuja kusimama nyuma ya kiti changu akasoma yote, hata yanayomhusu. Najua nyinyi wawili hamkuwahi kuandikiana, na najua umekuwa ukidhani yeye ndiye atakayekuona mgeni. Ameniamuru niandike maneno yake bila kupunguza: "Mwambie kwamba yule bata hakuuliza kama chumba kiko tayari. Aje tu. Chumba chetu atalala yeye mpaka chake kiishe, mimi nitalala sebuleni." Nikamuuliza mimi nitalala wapi, maana sebuleni kuna kochi moja. Akasema mimi nina masinki yangu.

Nisalimie mwanao na mwenzio wa pasi, yule rafiki yako unayesema anachoma kola kila Jumatatu. Shangazi anakusalimu sana. Masikio yamemwishia, lakini nikitaja jina lako anasikia. Mungu akulinde, aliponye goti lako, na akikuelekeza huku akupe safari njema.

Karatasi yangu imekwisha, nimalizie hili. Ndani ya bahasha utakuta kitu kizito nimekifunga kwa kitambaa. Mlango wa chumba chako bado umeegemea ukuta, lakini kitasa nimeshakipachika. Kilikuja na funguo mbili tu. Nimekutumia zote mbili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nikungojaye,

Koki